Njia Ndefu ya Kwenda Stesheni

Venant alipoondoka Mount Druitt, magharibi ya Sydney, Februari 2020, alibeba sanduku moja la magurudumu na suti ya kwendea harusi ya binamu yake. Alisema ni wiki tatu tu: harusi Brussels, kusalimia ndugu wawili watatu, kisha arudi kwenye kazi yake ya ghalani. Mkewe, Ornella, alimsindikiza uwanja wa ndege pamoja na binti yao Lydie, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake Venant, Mama Honorine, hakuweza kwenda. Moyo wake ulikuwa mgonjwa na miguu ilivimba hata viatu havikuingia. Alimbariki mwanawe akiwa ameketi kitandani, akamwagiza chokoleti.

Mwezi uliofuata mipaka ikafungwa kwa ajili ya korona.

Mwanzoni Ornella alimwonea mumewe huruma. Venant alipiga simu kila Jumapili akieleza jinsi alivyolala kwenye chumba cha chini ya ardhi kwa binamu, jinsi tiketi zilivyofutwa, jinsi ndege zilizoingia Sydney zilivyochukua abiria wachache kama wanaochujwa. Mwenye pasi ya Australia aliruhusiwa kurudi, hilo Ornella alilijua, ila alijua pia kwamba watu walikuwa wamekwama kila mahali. Akaamini. Simu za kila Jumapili zikawa za kila mwezi. Mwaka 2021 ulipoanza, zikawa ujumbe mfupi: nawakumbuka, nawaombea, nchi yenu imenifungia mlango.

Nyumbani, mambo yote yalimwangukia Ornella. Aliamka saa kumi alfajiri, akapanda treni mpaka Lidcombe, ambako alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alivaa barakoa mbili na ngao ya plastiki usoni, kila siku ya tatu akapimwa kwa kijiti puani, akaogesha na kulisha mama za watu. Jioni alirudi Mount Druitt kumwogesha na kumlisha mama wa Venant.

Mama Honorine hakuwa mgonjwa rahisi. Alikuwa ameuza samaki wa chumvi sokoni Uvira, Kongo, kwa miaka ishirini, na mdomo wa soko hakuuacha huko. Sombe ya Ornella, kile kisamvu cha kwao, ilikuwa na maji mno, mito ilikuwa laini mno, wahubiri wa kwenye simu walikuwa waongo wote. Lakini usiku miguu ilipomuuma alimwita Ornella, si Mungu. Na kila asubuhi, kabla hata ya chai, aliuliza, "Venant amepiga?"

Ornella alianza kumtungia salamu. Amepiga ulipokuwa umelala, mama. Anasema anakula vizuri. Anauliza kama dawa unameza. Mama Honorine alitikisa kichwa taratibu, akaomba chai.

Alikufa Agosti 2021, Jumanne mchana, wakati mji wote umefungwa na helikopta za polisi zikizunguka juu ya mapaa ya magharibi ya Sydney. Watu wa gari la wagonjwa walifika wakiwa wamevaa nguo nyeupe kichwa hadi mguu, wakamkuta Ornella ameketi kitandani, mkono wa mama bado ukiwa katika mkono wake. Alipompigia Venant, simu iliita mpaka ikakatika. Akamwandikia. Jibu lilikuja baada ya muda wa saa tisa: *Mungu wangu. Nitawapigia.*

Sheria iliruhusu waombolezaji kumi tu. Walimzika makaburi ya Rookwood, watu kumi waliosimama mbalimbali kama miti iliyopandwa kwa kamba, mchungaji akipaza sauti ndani ya barakoa. Wengine wote wa kanisa, na Venant pamoja nao, walialikwa kwenye maombi ya mtandaoni saa moja jioni ile ile. Brussels ilikuwa bado asubuhi.

Ornella aliweka kompyuta ya shule ya Lydie juu ya meza. Nyuso zilijaa kwenye kioo, zaidi ya arobaini. Venant alionekana pembeni, amevaa shati jeupe, vidude vya kusikilizia vimo masikioni. Nyuma yake palikuwa na dirisha pana, si chumba cha chini ya ardhi. Nje ya dirisha kulikuwa na maji, na mwisho wa maji mnara mwembamba wa mawe. Mchungaji alikuwa akisoma zaburi wakati mashua ilipopita pale nje, imejaa watu walioketi safu safu wakipiga picha. Ornella alikuwa bado anaishangaa mashua ile pale mkono wa mwanamke ulipoingia kwenye picha na kumpakatisha Venant mtoto mchanga.

"Enda kwa papa, kwa baba," sauti ya mwanamke ilisema kwa Kiswahili, wazi kabisa.

Venant akazima kamera. Nyuso arobaini hazikutikisika. Mchungaji alimaliza zaburi, akaanza nyingine, na hakuna aliyesema lolote usiku ule wala kesho yake. Hilo ndilo lililomkaa Ornella kooni: wote walisikia, na wote walimsaidia kujifanya hawakusikia.

Lydie alikuwa amenasa picha ya kioo kabla kamera haijazimwa. Alikuwa mtoto wa aina hiyo. Kesho yake Ornella alimwomba atafute ule mnara ni wa wapi, naye Lydie, aliyeelewa kila neno la Kiswahili lakini akijibu kwa Kiingereza siku zote, alisema baada ya dakika mbili kwamba mji unaitwa Bruges, ni mji wa zamani wa Ubelgiji, wote umekatwakatwa na mifereji. Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Ornella hakumpigia Venant kumuuliza. Hakumtukana kwenye ujumbe. Alimwandikia kwamba maombi yalikwenda vizuri, pole kwa mtandao kukatika. Akaanza kujifunza Bruges.

Simu ina ramani ya kumwezesha mtu kutembea ndani ya picha za mitaa, hatua kwa hatua. Kila siku ndani ya treni, tangu Mount Druitt mpaka Lidcombe, Ornella alitembea Bruges kwa kidole. Alipita mfereji mmoja baada ya mwingine, akilinganisha kila ukingo na picha ya Lydie, akitafuta mahali ambapo mnara ule ungeonekana vile, kwa upande ule. Siku ya kumi na moja akaupata ukingo uitwao Sint-Annarei, na juu yake nyumba ya matofali yenye dirisha pana na mlango wa kijani. Akairudia picha mara tano. Treni ikampitisha Lidcombe bila yeye kujua.

Kutoka stesheni ya Bruges mpaka mlango ule ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Alitaka miguu yake iujue mwendo huo. Mazoezi ya saa moja yaliruhusiwa, na karibu na kazini kulikuwa na mkondo wa Haslams Creek, uliojengewa kuta za zege zamani ukawa mfereji mnyoofu wa maji haba, matairi na mifuko ya plastiki. Alitembea kandokando yake baada ya zamu, simu mkononi, akihesabu: hapa daraja la kwanza, hapa kanisa lenye mnara wa matofali, hapa soko la samaki, geuka kushoto. Rafiki yake wa kazini, Achola, Mkenya wa kutoka Siaya, alimfuata siku moja akamuuliza anaongea na nani.

"Naenda kumuua mtu," Ornella alisema.

Achola alimtazama, akaona hatanii sana. Akamuuliza atamuua kwa kitu gani, kwa kisu?

"Kwa kufika."

Akamweleza yote. Achola alisikiliza huku wakitembea, kisha akasema angekuwa yeye angepeleka cheti cha ndoa na picha za harusi, azibandike kwenye kila mlango wa mtaa. Ornella alisema hayo tayari yamo kwenye bahasha. Alikuwa pia ameandika hotuba, kurasa tatu. Aliiandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ili yule mwanamke aelewe na majirani waelewe.

Mipaka ilifunguliwa Novemba. Ornella hakukimbilia. Alichukua likizo zake zote zilizolundikana miaka miwili, akangoja baridi ya kule ipungue, na Aprili 2022 alimwacha Lydie kwa Achola, akapanda ndege.

Aliteremka stesheni ya Bruges asubuhi, upepo ukimkata mashavu. Kwenye simu mji ule ulikuwa wa kiangazi siku zote, kimya, watu wakiwa na nyuso zilizofutwa. Sasa ulikuwa na kelele. Kengele zililia kutoka minara mitatu kwa wakati mmoja bila kupatana. Kwato za farasi waliokokota magari ya watalii ziligonga mawe. Maduka yalitoa harufu ya sukari iliyoungua, na mifereji harufu ya majani yaliyooza, ile ile ya Haslams Creek, jambo lililomfanya atake kucheka. Alitembea kama alivyojizoeza, mgongo umenyooka, bahasha kifuani ndani ya koti. Alipofika katikati ya mji akakuta barabara yake imechimbwa, uzio umewekwa, watu wanaelekezwa kwingine.

Hakuwa amejifunza kwingine. Alipita kichochoro kilichombana mabega, akatokea kwenye uwanja mdogo ambako wazee waliketi juani, akavuka daraja la mawe lililopinda mgongo, akajikuta amerudi pale pale. Alijaribu tena. Dakika arobaini zikawa saa moja na nusu. Alisimama juu ya daraja la tatu na kuona nyumba zikichovya kuta zao majini, ngazi za mawe zikishuka mpaka kwenye maji kwa ajili ya mashua zilizokoma kuja karne nyingi zilizopita, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba mji ule ni mzuri kweli. Ukamtia hasira zaidi. Wakati anasugua migongo ya wazee Lidcombe, huku ndiko alikokuwa akitembea Venant.

Mwishowe akaufikia mlango wa kijani, akagonga. Ulifunguliwa na mwanamke mwembamba mwenye aproni, umri wake kama wa Ornella. Alisema kitu kwa Kiflemi, lugha ya huko, kisha akamtazama vizuri, akageuza lugha.

"Karibu, dada. Nikusaidie?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura. Ndiyo sauti ile. Ornella alikuwa na kurasa tatu kifuani, na hakukumbuka hata mstari.

"Namtafuta Venant," alisema. "Mimi ni Ornella, mke wake."

Mwanamke hakupandisha sauti. Alishika ukingo wa mlango.

"Ornella alikufa," akasema taratibu.

"Alikufa wapi?"

"Australia. Kabla Venant hajaja huku. Mwezi wa kumi na moja huwa tunamwashia mshumaa kanisani. Mimi ndiye ninayemkumbusha."

Ornella alitoa pasi yake ya kusafiria akaifungua kwenye picha. Kisha akatoa picha ya harusi, Venant na suti ya kijivu, Mama Honorine katikati na kitenge cha rangi ya chungwa. Mwanamke alizitazama zote mbili kwa muda mrefu. Akaomba aione tena pasi, akasoma jina kwa kidole. Kisha akamkaribisha ndani, akamwonyesha kiti jikoni, akaweka maji motoni.

Jina lake lilikuwa Niyonsaba. Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi mmoja mjane wa miaka tisini na mmoja aliyelala ghorofani, naye Niyonsaba alikuwa akimtunza, amepewa vyumba vya chini akae. Niyonsaba alikutana na Venant kanisani miezi ya mwanzo ya korona, mjane mwenye huzuni, aliyesema binti yake analelewa na dada yake huko mbali. Hayo Niyonsaba aliyasema akiwa amempa Ornella mgongo, akipanga vikombe. Ornella alikuwa amekuja kumwona mwanamke huyu akianguka. Kwa miezi minane alikuwa ameuchukia mkono tu, ule mkono uliompakatisha Venant mtoto. Sasa aliutazama ukimimina chai bila kumwaga tone, na chuki yote aliyomwekea ikahamia upande mmoja, wa Venant, ikawa nzito maradufu.

"Amekwenda kununua mkate na mtoto," Niyonsaba alisema. "Kunywa chai, dada. Usiondoke."

Akaingia chumbani. Ornella alisikia kabati zikifunguliwa na kufungwa. Alipotoka alikuwa na sanduku la magurudumu, lile lile lililoondoka Mount Druitt, akalisimamisha karibu na mlango.

Venant aliingia akiwa amembeba mtoto mabegani, mkate kwapani. Alikuwa amenenepa, amevaa koti jipya la sufu. Alimwona Niyonsaba, akaona sanduku, ndipo akamwona Ornella mezani.

"Ornella," alisema, na sauti haikutoka vizuri.

Niyonsaba alimshusha mtoto, akachukua na mkate. Alinyoosha mkono. "Funguo."

Venant alianza kusema kwa Kifaransa, haraka haraka, kwamba yataelezeka, kwamba mambo hayakuwa hivyo. Niyonsaba hakumjibu kwa Kifaransa.

"Umenifanya nimwombee mtu aliye hai ili apumzike," alisema. "Lete funguo. Uondoke bibi hajaamka."

Alizitoa. Ornella alisimama, akamshukuru Niyonsaba kwa chai, na wale wanawake wawili wakapeana mikono kama waliomaliza zamu moja. Hotuba ilibaki kwenye bahasha. Mlango wa kijani ulifungwa nyuma ya Ornella na Venant kwa upole.

Venant alisimama ukingoni mwa maji na sanduku lake. Alidhani atapigiwa makelele, na labda angejua la kufanya na makelele. Ornella alifungua simu, akatazama ramani, akaanza kutembea.

"Unakwenda wapi?" Venant alimuuliza.

"Stesheni. Lakini nina nafasi. Nimetoka mbali, acha kwanza nione mji."

Akamfuata. Hakuwa na pa kwenda kwingine. Ornella alichagua njia ndefu, tena yenye mawe mabaya. Magurudumu ya sanduku yalipiga kelele juu ya mawe yale hata watu wakageuka kutazama, mwanamume wa koti zuri akihangaika nyuma ya mwanamke asiyebeba chochote. Alipitia kwenye mnara mwembamba, akasimama. Alipitia kwenye uwanja wa soko, akainua uso kuutazama mnara mkubwa wa kengele, akasimama mpaka kengele zikamaliza kuimba. Venant alizungumza muda wote. Alisema alichanganyikiwa, kwamba upweke ni ugonjwa, kwamba kila mwezi alipanga kurudi na kila mwezi aliona aibu zaidi. Alidai alisema amekuwa mjane siku moja tu, kwa bahati mbaya, na neno likishatoka halirudi. Ornella alimwambia kwamba ngazi za mnara ule ni mia tatu sitini na sita, amesoma.

Kwenye kona ambapo mifereji miwili inakutana na watalii wote hupiga picha, alimpa simu.

"Nipige," alisema.

Venant aliishika simu kama hajui ni kitu gani. Ornella alijisogeza penye ukingo, akavua kofia, akatengeneza nywele. Nyuma yake kulikuwa na maji meusi, miti iliyoinama na kuta nyekundu. Alisubiri. Venant alimpiga picha. Ornella aliitazama, akasema kichwa kimekatika, apige nyingine. Akapiga nyingine. Ya tatu ilikuwa nzuri, na mpaka leo ipo ukutani sebuleni Mount Druitt. Mgeni akiuliza nani aliyeipiga, Ornella husema ni mpita njia.

Walifika kwenye ziwa dogo lililo karibu na stesheni, lenye mabata maji weupe wa shingo ndefu wakilala majanini kwa makumi. Hapo Venant aliacha kujitetea. Aliweka sanduku chini.

"Niambie kitu kimoja tu, nitakuacha," alisema. "Mama alisema nini? Mwisho wake. Alisema nini juu yangu?"

Ornella aliwatazama ndege wale. Alimweleza hadithi ambayo watu wa mji ule husimulia: kwamba zamani walimuua ofisa wa mtawala wao pale sokoni, mtu ambaye jina lake lilimaanisha shingo ndefu, na mtawala akawahukumu wafuge ndege wa shingo ndefu kwenye maji yao milele, wasisahau. Miaka mia tano na zaidi imepita na bado wanawalisha.

"Ornella, nakuomba. Mama."

Ndipo alipomgeukia. Alikuwa amekuja na cheti, picha, kurasa tatu, na vyote hivyo havikuwa na kazi tena. Venant mwenyewe alikuwa amempa kisu, tena kwa upande wa mpini.

"Alikungoja mpaka Jumapili," alisema. "Jumatatu aliniambia nisitaje tena jina lako chumbani mwake. Jumanne akafa."

Haikuwa kweli hata neno moja. Jumanne ile Mama Honorine alikuwa ameamka akiwa na akili timamu, amekataa chai, ameomba picha ya mwanawe. Aliiweka kifuani. "Mwambieni Venant sina neno naye," alisema. "Mwambieni nimemsamehe yote, hata nisiyoyajua. Asije akabeba hilo." Akarudia mara mbili, akahakikisha amesikika. Salamu zote za uongo ambazo Ornella alimtungia, huenda alizijua siku zote kuwa ni za uongo.

Venant aliketi juu ya sanduku lake. Hakulia mara moja. Alifunika uso kwa mikono, na mgongo wake ukaanza kutikisika. Mama mmoja mtalii alisimama akamuuliza Ornella kwa Kiingereza kama yule bwana anahitaji msaada. Ornella alisema hapana, amepokea habari za msiba.

Akavaa barakoa, akaingia stesheni. Ndani ya treni alijipekua moyoni kutafuta majuto, kama mtu anayejipapasa mifukoni kutafuta tiketi. Hakuyapata. Alichokuta ni njaa, na alipofika Brussels alikula sahani mbili.

Habari zilifika Sydney kabla yake, kwa njia za kanisa. Venant alikuwa amehamia kwa binamu yake Brussels, sasa kweli kwenye chumba cha chini ya ardhi. Watu ambao hawakusikia chochote siku ya maombi ghafla wakakumbuka kwamba walisikia kila kitu, wakamletea Ornella vyakula na hasira zao. Alipokea vyakula.

Ujumbe wa Venant ulianza mwezi wa sita. Hakuomba kurudi. Aliuliza lile moja tu, kwa maneno tofauti kila wiki. Labda Mama alisema jambo jingine asubuhi? Labda alipokuwa usingizini? Huenda ulimwelewa vibaya, alikuwa mgonjwa. Ornella aliusoma kila ujumbe mpaka mwisho, ili Venant aone kwamba umesomwa, na hakujibu. Kulikuwa na utamu ndani yake. Hakuuficha mbele ya Achola, na Achola, aliyekuwa ameshauri kubandika picha mtaa mzima, akasema kwamba hilo ni kali. Ornella alisema ndiyo, ni kali.

Jumamosi moja ya Agosti, mwaka mmoja baada ya msiba, alikuwa jikoni akitwanga majani ya sombe wakati Lydie alipokuja kusimama mlangoni. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko mama yake. Alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba baba amempigia. Amemuuliza kuhusu siku aliyokufa bibi.

Mchi ukasimama.

Ornella alisema baba yake hana haki ya kumsumbua na mambo hayo, kwamba Lydie hakuwepo chumbani. Lydie akamjibu kwamba alikuwepo. Siku ile alikuwa sebuleni kwenye masomo ya mtandaoni, mlango wazi, vidude masikioni, ila mtandao wa mwalimu ulikuwa umekatika na hapakuwa na sauti. Alisikia bibi akiita. Alisogea mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya mgongo wa mama yake, na bibi alimwona.

"Mwambieni," Lydie alisema. Neno la Kiswahili lilitoka mdomoni mwake zito na geni. "Alisema *mwambieni*. Mimi na wewe."

Ornella alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. Alimuuliza amemjibu nini baba yake.

"Nimemwambia sijui." Lydie aliingia, akavuta kiti, akaketi. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. "Sitamwambia, Mama. Acha aulize tu."

Ornella alimtazama mtoto wake, na kwa mara ya kwanza tangu Bruges alihisi kitu kilichofanana na hofu. Ilikuwa kazi rahisi kusema: mpigie, mwambie, hilo si lako kubeba. Maneno hayo yalikuwa karibu kabisa. Alingoja yatoke. Lydie naye alingoja, amemkazia macho, kama anayetaka kujua atakachosema.

Jirani alikuwa anakata nyasi. Ornella aliinua mchi akaendelea kutwanga.